Kipimo cha Kukaa

Juzi mjukuu wangu alinisogezea simu usoni nione mwanamke amesimama na rinda la maua, mkono kiunoni. Chini yake wameandika ati ni plasi saizi. Nikavaa miwani nikamwangalia huyo mwanamke juu mpaka chini, halafu nikamuuliza mjukuu: plasi ya nini? Si plasi ni ile alama ya hesabu, ya kujumlisha? Sasa huyu amejumlishwa na nini? Na kama kuna wanawake wa kujumlisha, wale wa kutoa wako wapi? Mjukuu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Huyo mwanamke angeingia kanisani Webuye Jumapili asubuhi na hakuna mtu angegeuza shingo kumwangalia, isipokuwa labda kwa sababu ya rinda.

Kwa hivyo leo mtanisikiliza, nyinyi wasichana mnaojipima kwa kioo, na nyinyi mafundi wachanga mnaojifunza kukata nguo kwa kuangalia simu. Cherehani niliiweka chini, magoti yamekataa pedali. Mdomo nao haujastaafu.

Kazi nilijifunzia Bungoma, kwa Mama Zuhura, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka msikitini. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ndogo na mkono mzito. Ukikata kitambaa vibaya hakupigii kelele, anakupa kile kitambaa ukivae wewe. Nilitembea mji wa Bungoma na blauzi ya mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na watu wananisalimia vizuri tu. Tangu hiyo siku sijawahi kukata mkono bila kuulaza juu ya mwenzake.

Siku moja alinipa kazi ya mama wa bwana harusi, mama mkubwa wa heshima kutoka upande wa Cheptais. Nikampima amesimama wima, tumbo ndani, kama picha ya kitambulisho. Rinda likatoka safi, linang'aa, limemshika kila mahali. Mama akafurahi. Jumamosi kanisani, watu wameambiwa wakae, naye akakaa, na zipu ikafunguka kuanzia shingoni mpaka chini kama mtu anayefungua gunia la mahindi. Akasimama haraka, mgongo kwa ukuta. Akakaa hivyo hivyo amesimama ibada nzima: wakati wa maombi, wakati wa mahubiri, wakati wa sadaka. Pasta akaona mama amesimama peke yake na machozi yanatoka, akamwambia kila mtu angalieni imani ya mzazi. Kanisa lote likasimama.

Jumatatu yule mama alikuja kibandani. Hakutukana. Alisema tu, "Fundi, nguo yako ni nzuri, lakini imekataa nikae."

Mama Zuhura hakunipa hiyo nguo niivae, na ningefurahi kama angenipa. Alitoa stuli chini ya meza, ile ya mbao isiyo na mgongo, akaiweka katikati ya kibanda. Akasema, "Anayesimama siku nzima ni sanamu ya dukani. Mwanamke hukaa."

Hapo ndipo nilianza kujifunza kazi. Mteja akija, kwanza anapewa chai. Chai na andazi, au mhogo, chochote kilichoko. Mtu akipimwa na njaa, nguo yake itakuwa ya njaa. Akishakula anakaa kwa stuli, anapumua, anasahau kama anapimwa, ndipo unazungusha tepu hipsini. Utaona ajabu: ile hipsi ya kusimama na hii ya kukaa ni kama watu wawili. Unashona ya kukaa, halafu unaipunguzia kiunoni kwa pensi mbili za nyuma, ile mikunjo midogo ya kushonwa, ili akisimama isimwachie hewa. Na ndani ya mshono wa ubavuni unaacha akiba, vidole viwili kila upande, usikate hata kama mteja anasema ondoa. Mwili wa mwanamke hauna saizi moja. Kuna wa Desemba na wa Machi, kuna wa kabla ya mtoto na wa baadaye, kuna wa kufiwa. Akiba ndiyo inamngojea.

Na namba haitajwi kwa sauti. Mama Zuhura aliinong'oneza sikioni mwangu niiandike, kama mtu anayesema siri ya ndoa. Mteja akiuliza, "Mimi ni saizi gani?" jibu lilikuwa moja, "Saizi yako."

Sasa nikahamia Kitale na mume wangu, tukapanga Kibomet, na mimi nikapata kibanda sokoni, kwa safu ya mitumba. Hiyo ni miaka ya elfu mbili na kitu, wakati kila mtu alikuwa anataka nguo ya ng'ambo. Pembeni yangu alikuwa Mama Wambui, mfanyabiashara wa mitumba, mtu wa Nyandarua aliyeletwa Trans-Nzoia na wazazi wake akiwa mgongoni. Akinunua nguo za kike zilizofungwa kwa beli, yale marobota ya ng'ambo, ananiita nisimame karibu na mkasi.

Mkasi ulikuwa wa lebo. Maana hizo lebo zilikuwa zinatuletea vita. Mteja anachukua sketi ya Uingereza, imeandikwa kumi na nne, inamuingia. Anachukua ya Marekani imeandikwa kumi, inamuingia. Anaenda kwa ile ya Ujerumani, arubaini na mbili, inamuingia pia, lakini sasa hataki, anairudisha kama imemuuma. Mwanamke mmoja, siku moja, saizi tatu. Na ile iliyomfaa zaidi anaikataa kwa sababu ya kipande cha kitambaa ambacho hakuna mtu atakiona. Nilizikata zote. Wateja wakiuliza saizi, Mama Wambui anawaambia, "Ingiza mguu uulize nguo yenyewe."

Kuna maneno mawili ya mitumba lazima mjue, maana hadithi yangu imesimama hapo. Beli ikifunguliwa, zile nguo za kwanza kabisa, nzuri, ambazo zinachaguliwa kabla watu hawajaingiza mikono, tunaziita kamera. Za mwisho, zilizokanyagwa, za kurushwa kwa turubai mtu ajichotee, tunaziita fagia. Ukimwambia mtu wa soko hiyo ni kamera, umemsifu. Ukimwambia hiyo si kamera, basi ujue umeshamwambia ni nini.

Mama Wambui alikuwa na msichana wa kumsaidia kuuza, anaitwa Nekesa, mtoto wa Webuye. Nekesa alikuwa na shingo ndefu, mabega mazuri, na hipsi za kwao. Kazi yake ilikuwa kuvaa zile kamera na kutembea. Hivyo tu. Anavaa rinda, anapita kwa wauza nyanya, anazunguka kwa posho mill, pale pa kusaga unga, anarudi. Akifika, nyuma yake kuna wanawake wamemfuata wanauliza, "Hiyo iko na ingine?" Alivaa nguo asubuhi na ilikuwa imeuzwa kabla ya chai. Nyinyi leo mngemwita modo. Sisi tulimwita Nekesa.

Ndipo akaja Madam Stella kutoka Nairobi. Alikuwa kijana, mrembo, anaongea haraka, na simwiti mtu mbaya. Alikuwa anaandaa shoo ya mavazi katika ukumbi mmoja hapo mjini, na watakaochaguliwa wangepigwa picha za kalenda ya duka jipya la nguo Eldoret. Alinipa mimi nishone nguo za hiyo shoo. Nekesa aliposikia kalenda, hakulala. Hakutaka mambo ya Nairobi wala ya Ulaya. Aliniambia anataka kitu kimoja: mama yake kule Webuye aamke asubuhi, aangalie tarehe, aone mtoto wake ukutani. Mama yake alikuwa amewahi kumwambia mbele ya watu ati kutembea na nguo za wengine si kazi.

Siku ya kuchagua wasichana tulikuwa kwa ukumbi, mimi na tepu yangu, lakini Madam Stella alikuja na yake. Anawapima wamesimama, anawaambia vuta tumbo ndani, vuta zaidi. Kulikuwa na vikundi viwili, wa kawaida na wa plasi saizi. Wa kawaida hipsi isizidi inchi thelathini na sita. Nikamuuliza, kawaida ya wapi? Akasema ndivyo inavyotakiwa. Nekesa akapimwa, akawa arubaini. Akaambiwa aende kwa plasi. Kwa plasi akaambiwa ni mdogo, wanaanzia arubaini na nne. Msichana amesimama katikati ya ukumbi, huku ni mkubwa, huku ni mdogo, hana pa kwenda. Nilishona nguo miaka yote hiyo na sikuwahi kuona mwili ambao hauna mahali.

Madam Stella akamwangalia tena, akamgeukia msaidizi wake, akasema bila ubaya wowote, "Uso ni mzuri. Lakini huyu si wa kamera."

Alikuwa anasema ile ya picha. Mimi nilijua hivyo baadaye. Lakini Nekesa alikuwa mtu wa beli, na neno hilo lilimuingia kwa njia ya soko. Alitoka nje bila viatu. Nilimkuta nyuma ya ukumbi ameegemea tangi la maji, analia kwa hasira, anasema, "Mama, ameniita fagia. Mbele ya watu wote ameniita fagia." Nikamwambia mtu anayekutukana humchagulii tusi, lakini usilibebe mpaka nyumbani. Lakini moyoni nilikuwa nimewaka. Kama ningekuwa na ile blauzi ya mkono mmoja mrefu, ningemvalisha Madam Stella hapo hapo.

Kumbe Madam alikuwa amefikiria. Ule uso hakutaka kuupoteza. Akaniita akaniambia tumuongezee Nekesa sponji: hipsini, makalioni, kidogo kifuani. Eti hata huko nje mamodo wa plasi wanafanywa hivyo, anachukuliwa msichana wa katikati mwenye uso mwembamba na shingo nyembamba, anawekewa sponji mpaka anafika saizi. Nikauliza, na yule mwanamke ambaye ni arubaini na nne yake mwenyewe, pamoja na shingo na mashavu yake, yeye ataona nini kwa kalenda? Akasema, "Mama, watu wanataka kuona ndoto."

Nikamwambia, "Mimi nashona nguo. Godoro linauzwa lile duka la kona."

Alinikasirikia, na mimi nilikuwa nimemkasirikia kitambo. Fikirieni nyinyi wenyewe. Wembamba wameambiwa wapungue, wanene wameambiwa sura zao hazifai, na wa katikati amevalishwa godoro ili awakilishe wanene. Ndani ya ukumbi mzima hakuna mwanamke hata mmoja alikuwa sawa. Hiyo tepu ilikuwa inapima nini?

Sikushona sponji, akashona mtu mwingine. Lakini rinda la Nekesa nilikuwa nimeshalimaliza, la kitenge cha buluu na manjano, na nililipima nikiwa nimemkalisha kwa stuli ya kibanda changu na andazi mkononi. Yule fundi mwingine aliachilia akiba yangu ya ubavuni ili sponji iingie. Nekesa alikubali. Sikumlaumu. Alinitazama tu akasema, "Mama, nataka ile kalenda." Nikamwambia vaa, mwanangu, ni mwili wako.

Siku ya shoo ukumbi ulijaa. Mama Wambui alifunga biashara akaja na soko lote, wauza mitumba, wauza nyanya, mama wa viazi, wakakaa nyuma na watoto magotini. Mimi nilikuwa kule ndani wanakovalia, na sindano zangu kifuani. Na hapo nikaona jambo. Wale wasichana wote walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekaa. Nguo za wembamba zilikuwa zimebanwa mgongoni kwa pini na vishikio vya kuanikia nguo ili mbele zionekane zimewashika. Wakikaa, pini zinawachoma. Walisimama kwa safu, wanaegemeana, na viti viko hapo vimepangwa tupu.

Nekesa alikuwa amechoka. Akasahau, akakaa. Rinda lilikaa naye vizuri, lakini sponji ilibaki juu. Ilipanda mpaka mbavuni, hipsi za Madam Stella zikafika chini ya kwapa. Msichana akajiangalia kwa kioo. Nilidhani atalia. Akaniambia polepole, "Mama, mimi nimekaa, na hii imebaki imesimama."

Tukaangaliana. Halafu tulicheka kicheko ambacho sijacheka tena tangu mume wangu afariki. Alipomaliza kucheka alifuta macho akasema toa. Nikamkumbusha kalenda. Nikamwambia vizuri kabisa, ukitoa hii, Madam hatakuchagua. Akasema, "Najua. Mama yangu akiniona kwa ukuta, nataka aone mimi." Basi nilivuta ile takataka ikatoka kwa upande wa shingo kama mtu anayemtoa kuku matumbo, nikarudisha mshono wa ubavuni kwa mkono, haraka, mshono mrefu wa kushikiza, wakati msema-shoo anaita jina lake. Akiba ile ile. Mnaona kwa nini nasema msikate?

Msema-shoo alikuwa kijana wa Bungoma, sauti nzuri, na ulimi wa kwetu. Akatangaza, "Sasa anakuja plasi saizi wetu, makofi tafadhari." Nekesa akatoka na mwili wake. Alitembea kama anapita kwa wauza nyanya, bila haraka, kama mtu aliyetumwa chumvi. Akafika mwisho wa jukwaa, pale wengine walisimama na kugeuka. Hakugeuka. Alikuwa amekiona kiti cha plastiki cha msema-shoo hapo pembeni. Akakivuta, akakiweka mbele ya watu wote, na akakaa.

Akakaa kabisa, si ile ya ncha ya makalio. Akakunja nne, akaweka mkono gotini, akapumua. Rinda halikupanda wala kukunjana tumboni. Kitenge kilimfuata kama kinamjua. Wale wa mbele wakadhani ameugua. Lakini wanawake wa nyuma walielewa kabla ya mtu yeyote. Kila mmoja wao alikuwa na nguo nyumbani ambayo imekataa akae. Mama Wambui ndiye alianza. Alisimama na mtoto wa wenyewe mkononi, akaita kwa sauti ya soko, "Kamera!"

Na safu yote ya nyuma ikaitikia, wa Kitale wakisema kamera, wa Bungoma wakisema kamela, wanapiga mabenchi: "Kamera! Hiyo ni kamera!"

Madam Stella, maskini, alisikia ile yake. Alidhani watu wanaomba mpiga picha. Niliona kwa macho yangu akimsukuma yule kijana wa picha, panda, panda haraka, wanataka picha. Naye akapanda, akapiga magoti mbele ya Nekesa, akapiga, akapiga tena, taa inawaka kila mara, na Nekesa amekaa kwa kiti cha plastiki akicheka na meno yote. Alikuwa amesikia. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hakusikia kitu kingine chochote siku hiyo, hilo neno tu.

Kwa kalenda hakuwekwa. Siwadanganyi. Madam Stella alisema amevunja utaratibu, na ni kweli alikuwa ameuvunja. Na mimi sikupewa tena kazi ya shoo yoyote. Wenyewe wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilirudi kwa stuli yangu. Lakini wiki iliyofuata yule kijana wa picha alikuja sokoni na bahasha, kama walivyokuwa wanafanya siku hizo, anatafuta wenye picha zao. Nekesa alichukua ile kubwa, akaitia fremu, akaipeleka Webuye mwenyewe. Mama yake aliishika muda mrefu. Hakusema habari ya kazi. Aliuliza tu, "Nani alikushonea?"

Ile kalenda ya Eldoret ilitundikwa kwa maduka mpaka Desemba, halafu ikafungiwa sukari. Picha ya Nekesa bado iko kwa ukuta wa nyumba yao kule Webuye. Mama yake alizeeka akiiangalia kila asubuhi, na aliondoka duniani ikiwa hapo. Nekesa sasa ana kibanda chake Bungoma, anauza mitumba, na mkasi wangu wa lebo ni yeye anao.

Na baada ya ile shoo, wanawake walianza kuja kwangu kutoka kila upande. Hakuna aliyeniambia ni saizi kumi na nini au arubaini na nini. Walifika mlangoni, wakaweka kitambaa mezani, wakasema, "Fundi, nishonee ya kukaa." Nilishona za kukaa mpaka magoti yakaisha.

Sasa nyinyi. Najua mtapimwa. Mtapimwa dukani, mtapimwa kwa simu, mtapimwa na wanaume ambao hawajui hata kushona kifungo, mtapimwa na mama zenu. Watawasimamisha na kuwaambia vuta tumbo ndani, na halafu watawapa jina la kile walichokiona. Sikatai mpimwe. Kupima ni kazi, nimekula kwa hiyo kazi. Lakini mtu akija na tepu mkononi, usimpe tumbo lako la kuvuta. Mwambie akuletee kiti kwanza.